Salama rohoni, hata kama machozi yanatoka

Mwezi huu naomba uniruhusu niache kidogo mambo ya mitoko, zawadi na namna ya kumtambua mchumba tapeli. Hayo yote utayakuta kurasa zinazofuata. Hapa nataka tuongee kuhusu mbinguni.

Subiri, usifunue ukurasa! Sijageuka mchungaji, na safu hii haijawa mimbari. Ila kwa miezi kadhaa sasa meza yangu inapokea ujumbe wa aina moja. Unatoka kwa vijana walio kwenye ndoa, wana kazi nzuri, wanalipa kodi ya nyumba kwa wakati, wana mipango ya kiwanja na gari. Ghafla msiba unaingia. Mtoto amefariki. Mimba imetoka mara ya tatu. Mzazi aliyekuwa nguzo ya ukoo ameondoka. Watu walikuja kwa wingi, kamati ikakaa, michango ikapatikana, mazishi yakaenda vizuri. Halafu turubai likashushwa, viti vya kukodi vikarudishwa, ndugu wakapanda mabasi kurudi makwao, na wawili wakabaki sebuleni wakitazama ukuta.

Na karibu kila ujumbe una maneno haya kwa namna moja au nyingine: "Wananiambia nisilie kwa sababu yuko mbinguni. Sasa mbona bado inauma?"

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa mstari mmoja wa Biblia na kupigapiga bega. Hivi tumaini la mbinguni, ambalo Wakristo tunaliimba kila msiba, lina kazi gani hasa? Linamsaidiaje mtu Jumatatu asubuhi, wakati ofisi inamsubiri na moyo haujui uanzie wapi? Acha nikupe kisa cha mume na mke mmoja, kisha tuzungumze.

Waliotuachia wimbo

Kama umewahi kukaa kwenye msiba wa Wakristo, unaufahamu wimbo ambao wengi tunauita "Salama Rohoni". Umo ndani ya Tenzi za Rohoni, na kwa Kiingereza jina lake ni "It Is Well with My Soul". Tunauimba jeneza likiwa mbele yetu, kina mama wakishika sauti ya kwanza, wazee wakinguruma sauti ya nne. Lakini wengi wetu hatujui aliyeandika maneno yale alikuwa amepatwa na nini.

Anaitwa Horatio Spafford. Alikuwa mwanasheria mjini Chicago, Marekani. Mkewe Anna alikuwa mzaliwa wa Norway. Kwa lugha ya leo tungesema walikuwa wametoka kimaisha: kazi ya heshima, nyumba isiyokosa wageni, mabinti wanne, na fedha zilizowekezwa kwenye ardhi. Oktoba 1871 moto mkubwa ukateketeza sehemu kubwa ya jiji lao, na uwekezaji wa Horatio ukapata pigo zito. Wewe uliyewahi kuweka akiba yako yote kwenye kiwanja kisha kiwanja kikaingia mgogoro, unaelewa usiku wa namna hiyo unavyokuwa mrefu. Lakini hiyo ilikuwa mali tu.

Miaka miwili baadaye familia ikapanga safari ya Ulaya. Horatio akazuiwa na shughuli zake za biashara, ikakubaliwa mkewe atangulie na watoto, yeye afuate. Novemba 1873 Anna akapanda meli ya Kifaransa iitwayo Ville du Havre kule New York, akiwa na Annie, Maggie, Bessie na Tanetta. Mkubwa alikuwa na miaka 11, mdogo miaka 2. Novemba 22, kabla hakujapambazuka, katikati ya bahari ya Atlantiki, meli yao ikagongana na meli ya matanga iitwayo Loch Earn. Ikazama kwa takriban dakika 12. Watu 226 walikufa. Anna aliokolewa. Mabinti wote wanne walikuwa wamekwenda.

Manusura walifikishwa Cardiff, Wales. Kutoka huko Anna akampelekea mumewe simu ya maandishi. Ilianza kwa kumwambia kwamba ameokolewa peke yake, kisha papo hapo ikauliza: nifanye nini?

Naomba ukae kidogo na swali hilo. Anna alikuwa mwanamke wa imani, na nyumba yao ilijulikana kwa sala. Lakini hakuandika mahubiri. Hakuandika kwamba kila jambo lina sababu yake. Aliandika kama ambavyo mimi na wewe tungeandika, tukiwa tumeketi ugenini kwa nguo za kuazima, mikono mitupu. Nifanye nini?

Horatio akapanda meli kumfuata. Njiani akaambiwa kwamba sasa wanapita karibu na mahali ilipozama Ville du Havre. Alimwandikia barua Rachel, ndugu yake Anna, akamweleza kwamba wamepita juu ya pale, na kwamba maji ya hapo yana kina cha maili tatu, yaani karibu kilomita 5. Kisha akasema kwamba yeye hawafikirii watoto wake kuwa pale chini. Aliwaona wako salama, kama wanakondoo waliokwisha kuingizwa zizini.

Familia yao inasimulia kwamba ni katika safari hiyo alipoandika maneno ya wimbo tunaoujua. Mwaka 1876 Philip Bliss akautungia sauti, na sauti hiyo ikapewa jina la meli ile ile, Ville du Havre. Mwisho wa mwaka huo huo, Desemba 29, Bliss na mkewe Lucy wakafa pamoja kwenye ajali ya treni huko Ashtabula, Ohio, daraja lilipoporomoka. Kwa hiyo tunapoimba pale msibani, tunaimba maneno ya baba aliyefiwa, kwa sauti iliyotungwa na mtu ambaye naye hakumaliza mwaka.

Macho yanaelekea wapi?

Sasa turudi kwenye ile barua ya Horatio, maana nadhani jibu la swali letu limo humo.

Ona kwamba hakuficha kitu. Alitaja kina cha maji. Alijua meli iko wapi. Baba aliyetaka kujidanganya asingeuliza hata wanapita wapi, angekaa chumbani kwake mpaka wafike. Yeye alikubali kwamba bahari ni bahari na kifo ni kifo. Alichokataa ni kuwaacha watoto wake mle ndani. Tumaini la mbinguni halikumwambia "hakuna kilichotokea". Lilimpa mahali pengine pa kuelekeza macho anapowakumbuka.

Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya tumaini hili, na ni kazi kubwa. Mtu aliyefiwa anarudia picha moja kichwani mchana na usiku: kitanda cha hospitali, simu iliyoita saa nane usiku, udongo unaoangukia jeneza. Tumaini haliifuti picha hiyo. Linakuwekea nyingine pembeni, na taratibu, siku moja baada ya nyingine, unajikuta unaitazama hii ya pili mara nyingi zaidi.

Kuhusu kulia, hapo ndipo tunapochemsha wengi. Paulo aliwaandikia Wathesalonike (barua ya kwanza, sura ya 4) kuhusu ndugu zao waliokufa. Watu husoma nusu tu, kwamba msihuzunike. Soma yote. Anachowaambia ni kwamba wasihuzunike kwa namna ya watu wasio na tumaini. Huzuni yenyewe hakuipiga marufuku. Anachokataa ni huzuni isiyo na mlango wa kutokea.

Na kama bado unaona machozi ni upungufu wa imani, nenda Yohana sura ya 11. Lazaro amekufa. Yesu anafika Bethania akijua kabisa atakachofanya, kwamba baada ya muda mfupi rafiki yake atatoka kaburini. Mtu mwenye uhakika wa namna hiyo angewaambia Martha na Mariamu wafute machozi, wapike chakula, wakae mkao wa sherehe. Yeye alilia. Akiwa na ufufuo mkononi, bado alilia na waliokuwa wakilia. Sasa wewe mjumbe wa kamati ya mazishi, hiyo imani yako inayokataza watu kulia umeitoa wapi?

Hata walimu wakubwa wa tumaini hili hawakuvuka kavu. C. S. Lewis alikuwa profesa na mwandishi ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alizungumza kwenye redio ya BBC kuhusu imani ya Kikristo. Alioa akiwa mtu mzima, akampenda mke wake Joy Davidman, na mke huyo akafa kwa saratani Julai 13, 1960. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha maombolezo, "A Grief Observed", kwa jina la kubuni. Humo analalamika waziwazi juu ya ukimya wa Mungu, ana hasira, ana maswali. Imani yake haikufia humo, lakini hakujifanya kwamba njia ilikuwa laini.

Halafu kuna jambo lingine tunalolisahau. Mbinguni tunayoiimba si mawingu na vinubi tu. Imani ya Kikristo tangu mwanzo imesimama juu ya ufufuo wa mwili na dunia iliyofanywa upya. Katika Ufunuo sura ya 21, Mungu anakuja kukaa na watu, na yeye mwenyewe anafuta machozi yao. Nimewahi kulitafakari hilo sana. Kama atayafuta yeye siku hiyo, maana yake watu watafika mbele zake wakiwa nayo bado. Hakuna aliyeamriwa awe amekwisha kujifuta mwenyewe getini.

Neno lililotusaidia sisi

Nitakwambia kitu kutoka nyumbani kwangu. Mimi na mume wangu tulimpoteza mtoto wetu wa kwanza akiwa bado tumboni, miezi saba. Hakukuwa na turubai wala kamati. Msiba wa namna ile watu hawajui waupokeeje, kwa hiyo wanauharakisha. Tuliambiwa "bado vijana, mtapata mwingine". Tuliambiwa "Mungu amempenda zaidi". Waliosema walikuwa na nia njema kabisa, najua. Ila wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na maneno yale yalituingia kama chumvi kwenye kidonda.

Mume wangu alirudi kazini siku ya nne. Jioni akirudi anaosha gari ambalo lilikuwa safi tangu jana yake. Mimi nilikuwa nalala na kanga niliyokuwa nimemnunulia mtoto. Tulikula meza moja, tukalala kitanda kimoja, lakini kila mtu alikuwa kwenye msiba wake.

Wiki ya tatu akaja shangazi yake mume wangu kutoka kijijini. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akakataa kiti, akakaa chini kwenye mkeka. Hakutuambia tusilie. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Wanangu, mlimpa jina gani?"

Hakuna mtu aliyekuwa ametuuliza. Tulikuwa nalo, tulikuwa tumelichagua mwezi wa tano, lakini tangu siku ile halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba. Mume wangu ndiye aliyelisema. Shangazi akalirudia, polepole, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Halafu akaomba sala fupi. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto huyo kwa jina lake, kwamba yuko naye, kwamba baba na mama yake watamwona. Ndipo mimi na mume wangu tukalia pamoja, mara ya kwanza.

Nimefikiri sana kwa nini maneno yale yalisaidia wakati ya wengine yaliuma, maana wote walitaja Mungu. Nadhani ni hivi. Aliyekufa, katika mazungumzo yetu, vitenzi vyake vyote vinahamia wakati uliopita: alikuwa, alipenda, alisema. Mtoto ambaye hakuzaliwa akiwa hai hana hata hivyo. Hakuwahi "kupenda" wala "kusema" kitu. Shangazi alitupa kitenzi cha wakati ujao: tutamwona. Wale wengine walilitumia jina la Mungu kufunga mazungumzo, yeye alilitumia kuyafungua. Na tangu siku hiyo tuna kitu cha kuongea sisi wawili. Siku nyingine tunakiongea kwa kicheko, kwamba atakuwa amerithi pua ya nani. Siku nyingine kwa machozi. Lakini tunakiongea.

Je, si kasumba hii?

Najua kuna msomaji hapo anatikisa kichwa. Karl Marx mwaka 1844 aliifananisha dini na kasumba, na wapo vijana wengi wasomi wanaomkubali: kwamba mbinguni ni dawa ya usingizi kwa maskini, wasidai haki yao leo. Hoja hii si ya kupuuza. Ni kweli kwamba tumaini hili limewahi kutumiwa vibaya. Wapo mabwana wa watumwa waliowahubiria watumwa wao mbinguni huku wakiwachapa duniani. Na hata leo, kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa, utasikia mwanamke anayepigwa anaambiwa avumilie kwa kuwa taji lake liko mbinguni.

Hapana, dada yangu. Kama unapigwa, tumaini la mbinguni si sababu ya kubaki ndani ya nyumba inayoweza kukuua. Aliyekwambia hivyo hakuhubiri tumaini, alitetea kipigo. Ondoka kwanza mahali pa hatari, tafuta ndugu, tafuta dawati la jinsia polisi, sala zitaendelea ukiwa salama.

Lakini kipimo kizuri cha kujua kama kitu ni kasumba ni kuangalia kinamfanya mtu nini. Kasumba inalaza. Basi tuangalie akina Spafford walifanya nini baada ya ule msiba, kwa sababu maisha yao hayakuishia kwenye wimbo.

Walijaliwa watoto wengine: mvulana, kisha Bertha, baadaye Grace. Yule mvulana, mwaka 1880, akiwa na miaka minne, akafa kwa homa. Mtoto wa tano huyo! Kama vile haitoshi, wapo waumini wenzao walioanza kunong'ona kwamba misiba yote hii lazima ni adhabu ya dhambi fulani. Maneno yale yale ya marafiki wa Ayubu. Horatio na Anna wakaachana na kanisa lao, na mwaka 1881 wakahamia Yerusalemu na kikundi cha marafiki. Kikundi hicho kikaja kujulikana kama American Colony.

Tusiwafanye malaika. Horatio aliacha madeni Chicago. Na kwa miaka mingi kikundi chao, ambacho baada ya Horatio kufa mwaka 1888 kiliongozwa na Anna, kilikataza watu kuoana. Jarida la mapenzi kama hili lingekuwa na mengi ya kuwaambia! Walikuwa binadamu, wenye majeraha na mawazo ya ajabu ajabu kama sisi.

Lakini njaa ilipoingia Yerusalemu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu wa Colony walifungua majiko ya supu yaliyolisha maelfu ya watu. Anna alifariki mwaka 1923. Miaka miwili baadaye, mkesha wa Krismasi wa 1925, binti yake Bertha alikutana na mwanaume aliyekuwa na mke mgonjwa na mtoto mchanga. Bertha akawasaidia mama apate kulazwa hospitali. Mama yule akafa usiku huo huo, na baba akamletea Bertha mtoto, kwa kuwa alijua akirudi naye kwake hataishi. Bertha akampokea. Muda mfupi tu wakaja wengine. Ikawa nyumba ya watoto wachanga, na ikapewa jina la Anna Spafford. Kituo kilichotokana nayo, Spafford Children's Center, kiko katika Mji Mkongwe wa Yerusalemu na kimeendelea kuhudumia watoto na mama zao.

Hebu fikiri. Mama aliyeuliza "nifanye nini?" akiwa Cardiff, mikono mitupu, jina lake likaja kuwekwa kwenye nyumba ya kupokea watoto wa wengine. Hiyo si kazi ya kasumba. Mtu aliyelewa usingizi haamki saa tisa usiku kumnywesha maziwa mtoto asiye wake. Mimi naamini hii ndiyo kazi ya pili ya tumaini la mbinguni: likishakuhakikishia kwamba wako wako mikononi salama, linaiachia mikono yako ifanye kazi kwa walio hapa.

Kwa ninyi wawili

Baada ya maelezo yote hayo, najua unataka cha kufanyia kazi. Haya machache nimeyaona yakisaidia, nyumbani kwangu na kwa wengine walioniandikia.

Kwanza, msishindane kuhuzunika. Mmoja ataosha gari, mwingine atalala na kanga. Wote wanaomboleza. Tumaini la mbinguni ni moja lakini mwendo wa kulielekea haufanani, na anayetembea haraka hajampenda marehemu kidogo. Mpe mwenzio nafasi, ila pangeni hata robo saa kwa siku ya kukaa pamoja bila simu wala televisheni.

Pili, tajeni jina. Kama mnaamini kwamba mpendwa wenu yu hai kwa Mungu, basi msimzike mara mbili kwa kulificha jina lake.

Tatu, kwa wewe unayekwenda kutoa pole: Kiswahili kimetupa neno zuri kuliko maelezo yetu yote. Neno lenyewe ni "pole". Halidai kujua sababu, wala halimkosoi aliyefiwa. Liseme, kaa chini, nyamaza, osha vyombo. Habari za mbinguni mwachie mfiwa azitaje mwenyewe kwanza. Akizitaja, itikia. Asipozitaja leo, mbinguni haitahama.

Nne, nenda tena turubai likishashushwa. Wiki ya sita nyumba ile ina ukimya kuliko siku ya mazishi. Piga simu, peleka ndizi, mtoe mwenzio mkatembee.

Na mwisho, kama wiki zinapita na mmoja wenu hali, halali, au anaongea kutamani kufa, tafuteni daktari au mshauri nasaha mapema. Kumwamini Mungu na kumwona mtaalamu havigombani. Aliyevunjika mguu anaombewa na anafungwa plasta siku hiyo hiyo.

Wasomaji wangu Waislamu na wa imani nyingine, najua mna maneno yenu ya kumrudisha mja kwa Muumba wake, na nimeketi kwenye majamvi yenu nikayasikia yakiwabeba watu. Mwezi huu nimeandika kwa lugha ya nyumbani kwetu. Ukurasa huu ni wa wote, niandikieni na ninyi ya kwenu.

Na wewe uliyeuliza mbona bado inauma wakati yuko mbinguni: inauma kwa sababu ulimpenda, na yeye hayupo mezani leo jioni. Tumaini halikuahidi kwamba kiti chake hakitaonekana kitupu. Limeahidi kwamba utupu huo una mwisho, na kwamba mwisho huo haushikiliwi na wewe. Kwa hiyo lia ukitaka kulia. Kisha amka, kuna mtu humo ndani hajanywa chai tangu asubuhi, naye amefiwa kama wewe.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Wako, Mhariri.